Vita Vidogo Kinywani: Sababu ya Ufizi Kutoka Damu

Watu wengi, wapigapo mswaki asubuhi na kuona damu katika mate yao, huuweka mswaki kando. Hudhani ya kuwa wamejiumiza, na ya kuwa ufizi ukipumzishwa siku chache utapona wenyewe. Wengine hufikiri kwamba damu hiyo ni jambo la kawaida tu, maana baba na babu zao walitokwa na damu vivyo hivyo, kisha meno yao yakalegea na kung'oka moja moja, hata wakashindwa kutafuna nyama. Husema kwamba ndivyo uzee ulivyo, wala hawaulizi zaidi.

Mawazo hayo yote mawili si sahihi. Ufizi wenye afya hautoki damu kwa kusuguliwa na mswaki laini, kama vile ngozi ya mkono isivyotoka damu kwa kuoshwa. Damu ile huleta habari ya kwamba kando ya jino hilo pana vita, na ya kwamba vita hivyo havikuanza leo. Mtu auwekaye mswaki chini wakati huo amemwachia adui uwanja wote. Ili kufahamu kwa nini mambo yako hivyo, yafaa kwanza kujua ni nani wapiganao, na ni nani aumiaye.

WENYEJI WA KINYWA

Mwaka wa 1683 mfanya biashara ya nguo mmoja wa mji wa Delft katika nchi ya Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua utando mweupe uliokuwa katikati ya meno yake. Hakuwa mtu mchafu, kwa maana alikuwa na desturi ya kuyasugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi. Aliuchanganya utando ule na maji safi, akautazama kwa kioo kidogo cha kukuzia vitu alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Akastaajabu kuona viumbe vidogo mno, vingine vikipita mbio kama samaki majini, na vingine vikizunguka kama pia. Akawaandikia wataalamu wa Royal Society mjini London kuwaeleza habari hizo, akasema kwamba viumbe vilivyomo katika kinywa chake ni vingi kuliko watu wote wa nchi yake.

Vijidudu hivyo ndivyo viitwavyo bakteria. Leo yajulikana kwamba aina zipatazo 700 zimekwisha kuonekana katika vinywa vya wanadamu, ingawa mtu mmoja hana zote. Mtoto huanza kuvipata mara azaliwapo, kutoka kwa mama yake na kwa watu wampakatao. Vingi havina ubaya wowote. Tena vina faida, kwa kuwa hukalia mahali ambapo wageni wabaya wangetaka kukaa. Dalili yake ni hii: mtu akitumia dawa za kuua bakteria kwa siku nyingi, mara nyingine kuvu nyeupe humea juu ya ulimi wake, kwa sababu wenyeji waliokuwa wakiizuia wamekufa.

Basi mwili haukusudii kuwaua wenyeji wote wa kinywa. Wakusudia kuishi nao kwa amani, kama mji wa bandari uishivyo na wageni wake: soko huachwa wazi kwa kila mtu, lakini lango la ngome hulindwa usiku na mchana.

WALINZI NA SILAHA ZAO

Ulinzi wa kwanza ni mate. Mtu mzima hutoa mate kiasi cha nusu lita hata lita moja na nusu kila siku, nayo huviosha vijidudu na kuvipeleka tumboni, ambako vingi huuawa na ukali wa tumbo. Ndani ya mate mna silaha pia. Mojawapo huitwa lisozimi, nayo huzivunja kuta za baadhi ya bakteria. Aliyeitambua ni Alexander Fleming, aliyetangaza habari zake mjini London mwaka wa 1922, miaka michache kabla ya kuigundua penisilini. Kadhalika katika mate mna kingamwili, ambazo hushikamana na vijidudu ili visipate kujibandika.

Ulinzi wa pili ni ngozi laini iliyoufunika mdomo kwa ndani. Ngozi hiyo hubanduka daima kidogo kidogo, na kila ibandukapo huondoka na vijidudu vilivyoishikilia. Lakini jino halibanduki. Jino ni kama jiwe katika mto: ngozi ya samaki hutelezesha uchafu, bali ukungu uotao juu ya jiwe hukaa na kuzidi kunenepa. Tena mahali ambapo jino hutokeza katika ufizi pana ufa mwembamba ulizungukao, na ngozi ya ufa huo ni nyembamba kuliko ngozi nyingine za kinywa. Hapo ndipo lango la ngome lilipo.

Ulinzi wa tatu ni chembe nyeupe za damu. Mtu wa kwanza kuonyesha wazi kazi ya chembe za namna hii ni Elie Metchnikoff, mtaalamu aliyezaliwa katika milki ya Urusi. Mwaka wa 1882, alipokuwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichukua watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao huonekana ndani kama kioo, akawachoma kwa miiba ya mwaridi. Asubuhi yake akaona kwamba chembe zenye uwezo wa kutembea zimekusanyika na kuuzunguka kila mwiba. Mwaka wa 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich kwa kazi zao juu ya kinga ya mwili.

Chembe nyeupe hukimbilia penye hatari, zikawameza adui na kuwayeyusha. Hata katika kinywa cha mtu mzima wa afya, maelfu ya chembe hizo hutoka katika mishipa ya ufizi kila dakika na kuingia katika ule ufa wa kando ya jino. Ni kama askari wa doria wapitao usiku hata wakati wa amani. Maadamu vijidudu ni vichache, doria hiyo yatosha, na mwenye kinywa hajui hata kidogo kwamba analindwa.

MAJUMA MATATU BILA MSWAKI

Kwa muda mrefu waganga walibishana juu ya asili ya ugonjwa wa ufizi. Mwaka wa 1965 Harald Løe na wenzake, waliokuwa katika mji wa Aarhus nchini Denmark, walitangaza jaribio lililokata shauri. Watu 12 wenye fizi zisizo na ugonjwa walikubali kuacha kabisa kuyasafisha meno yao. Utando ukakusanyika juu ya meno, na katika muda wa siku 10 hata 21 fizi zao wote zilianza kuvimba na kuwa nyekundu. Kisha waliruhusiwa kuyasafisha meno tena kwa uangalifu. Kwa muda wa kama juma moja hivi fizi zikarudia afya yake.

Jaribio hilo lilifundisha mambo mawili. La kwanza, ugonjwa wa ufizi hauletwi na uzee, maana vijana waweza kuupata kwa majuma machache. La pili, ugonjwa ukiwa bado mchanga, dawa yake ni kuuondoa utando tu. Vita hukoma mara sababu yake iondolewapo.

ASKARI WAICHOMAPO NYUMBA

Lakini ni nini hutokea utando usipoondolewa? Vijidudu vya kwanza kujibandika katika jino ni vile vipendavyo hewa. Vikizidi na kupandana, hewa haifiki chini, na huko chini huota aina nyingine zisizopenda hewa, ambazo hutoa sumu kali zaidi. Sumu hizo zikigusa ngozi ya ufa, ufizi hupiga mbiu. Mishipa ya damu hupanuka ili kuwapitisha askari wengi zaidi. Kwa hiyo ufizi huwa mwekundu, huvimba, na ngozi yake ya ndani hulegea na kupata vidonda vidogo. Mswaki ukipita hapo, damu hutoka. Mswaki haukuleta jeraha, umelifichua tu.

Askari wakifika hukuta kwamba adui amejijengea boma. Utando ule hushikamana kwa ute mgumu, nao hauwezi kumezwa kama kijidudu kimoja kimoja kiwezavyo kumezwa. Hata Leeuwenhoek aliliona jambo hili, kwani alipotumia siki alitambua kwamba ilivifikia vijidudu vya nje tu, bali vile vilivyojificha ndani ya utando vilisalimika. Basi chembe nyeupe, zisipoweza kulimeza boma, hulimwagia silaha zao kutoka nje. Silaha hizo ni sumu na vimeng'enya viyeyushavyo nyama. Hazibagui. Hudhuru vijidudu kidogo, lakini huziyeyusha pia nyuzi zilizolishika jino katika taya.

Kisha habari za vita huufikia mfupa wa taya. Katika mfupa wa kila mtu kuna chembe za namna mbili: zile zibomoazo mfupa mkuukuu na zile zijengazo mpya, na kazi zao kwa kawaida hulingana. Mbiu ya vita huwazidisha wabomoaji kuliko wajenzi. Mfupa hurudi nyuma, kana kwamba waukimbia utando, na jino hubaki limesimama kama nguzo iliyofukuliwa udongo. Hapo ndipo jino lilegeapo, ingawa lenyewe halikutoboka wala halina doa.

Jambo hili huwashangaza wengi walisikiapo mara ya kwanza. Vijidudu ndivyo vilivyoanzisha ugomvi, lakini sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na walinzi wa mwili wenyewe. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Katika vita hivi nyasi ni nyuzi na mfupa wa mwenye kinywa.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba ingekuwa heri kutokuwa na askari. Wako watoto wachache wazaliwao na upungufu ambao huzizuia chembe zao nyeupe zisitoke katika mishipa kwenda mahali pa hatari. Watoto hao huugua mara kwa mara, na fizi zao huharibika vibaya mapema sana hata wakapoteza meno wangali wadogo. Askari wakikosekana ni hasara, na wakizidi bila kukoma ni hasara pia. Afya imo katika kipimo.

ADUI ANENEPAYE KWA VITA

Miongoni mwa vijidudu vikaavyo chini ya ufizi kimo kimoja kiitwacho Porphyromonas gingivalis. Mara nyingi hakiwi kingi, lakini hila zake ni kubwa. Kina vimeng'enya vikatavyo silaha za mwili kama mkasi ukatavyo kamba, nacho huwachanganya askari wasijue la kufanya. Matokeo yake ni kwamba vijidudu vingine vyote vya jirani hupata nafasi ya kuongezeka.

Zaidi ya hayo, kijidudu hiki huhitaji madini ya chuma, nayo huyapata katika damu. Ufizi ukitoka damu, mezani kwake pameandaliwa chakula. Kwa hiyo vita ambavyo mwili huvipigana kwa kusudi la kumwondoa adui humlisha adui huyo huyo. Ndiyo sababu ugonjwa huu hauishi wenyewe kwa kungojwa, bali huendelea polepole kwa miaka mingi, mara nyingi bila maumivu, hata siku mwenyewe atakapoona kwamba jino latikisika.

WATU HAWALINGANI

Si kila mtu aumizwaye na vita hivi kwa kiasi kimoja. Tangu mwaka wa 1970 Løe na wenzake waliwachunguza wanaume 480 waliofanya kazi katika mashamba ya chai huko Sri Lanka, nao wakawafuata kwa miaka 15. Watu hao hawakuwa na desturi ya kuyasafisha meno kwa njia yoyote, na wote walikuwa na utando mwingi. Katika kila 100, watu 8 hivi waliharibikiwa upesi sana, 81 waliharibikiwa kwa kiasi, na 11 hawakupita hali ya ufizi kuvimba. Utando wao ulifanana, lakini kinga za miili yao hazikufanana.

Kwa hiyo mtu asijilinganishe na jirani asiyepiga mswaki na bado ana meno yake yote. Huenda jirani huyo ni mmoja wa wale 11. Hakuna ajuaye mapema kwamba amezaliwa katika kundi lipi.

Yako pia mambo yazidishayo hatari. Tumbako huwadhoofisha askari wa mwili, tena huibana mishipa ya damu, hata ufizi wa mvutaji mara nyingi hautoki damu sana. Mvutaji hufurahi akidhani kwamba ni mzima, kumbe mbiu yake imezimwa na vita vyaendelea kimya kimya. Mama mjamzito naye huona ufizi wake ukivimba upesi kwa sababu ya mabadiliko ya mwili wake. Hana haja ya kuogopa, lakini yampasa kuzidisha usafi wala si kuupunguza.

NJE YA KINYWA

Ufizi wenye vidonda ni mlango ulio wazi. Mtu atafunapo au apigapo mswaki, vijidudu vichache huingia katika damu, na kwa kawaida askari wa mwili huvimaliza kwa muda mfupi. Lakini mtu ambaye vali za moyo wake zimekwisha kuharibika, kama ziharibiwavyo na homa ya baridi yabisi ifuatayo maumivu ya koo utotoni, aweza kupatwa na hatari kubwa. Vijidudu vya kinywa huweza kujibandika katika vali hizo na kuanzisha ugonjwa uuao usipotibiwa. Mtu wa namna hiyo amwambie daktari habari za moyo wake kabla ya kung'olewa jino.

Ugonjwa wa kisukari nao una urafiki mbaya na ugonjwa wa ufizi. Sukari ikizidi katika damu, kinga ya mwili huvurugika na ufizi huharibika upesi. Na ufizi uwakao moto huifanya sukari iwe ngumu kuitawala. Mgonjwa wa kisukari akitibiwa ufizi, mara nyingi sukari yake hushuka kwa kiasi kidogo.

Huzuni kubwa kuliko zote ni ugonjwa uitwao noma. Huwashika hasa watoto wadogo waliodhoofishwa na njaa, mara nyingi baada ya surua au maradhi mengine kuwamaliza nguvu. Huanza kama kidonda katika ufizi. Kwa kuwa askari wa mwili wamechoka, vijidudu vya kinywani huila nyama ya shavu kwa siku chache, na mtoto asipopata dawa upesi mara nyingi hufa. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Ukitambuliwa mapema huzuilika kwa dawa za kuua bakteria, usafi wa kinywa na chakula chema. Mama aonapo kidonda katika ufizi wa mtoto aliyekonda, asingoje hata siku moja; na ampeleke hospitali.

LA KUFANYA

Utando hauogopi maji ya kusukutua; huondoka kwa kusuguliwa. Yafaa kila mtu apige mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa muda wa dakika mbili, akitumia dawa ya meno yenye floridi aipatapo. Mswaki uwe laini, nao upite mahali ambapo jino na ufizi hukutana, maana hapo ndipo lango lilipo. Asiye na mswaki wa dukani aweza kutumia kijiti cha mti wa mswaki, kilichotafunwa ncha hata kikawa kama brashi, kama wazee walivyofanya tangu zamani. Mchanga na makaa magumu visitumike, maana huulika jino. Katikati ya meno pasafishwe kwa uzi au kwa brashi ndogo.

Utando ukiachwa siku nyingi hugeuka kuwa ukoga mgumu kama chokaa, ambao mswaki hauuwezi. Huo hauna budi kuondolewa na daktari wa meno kwa vyombo vyake. Mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi kama ulivyokuwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta huu ni mgumu sana kuujenga tena.

Basi mtu aonaye damu kesho asubuhi na aendelee kupiga mswaki, polepole lakini bila kuacha. Siku za kwanza damu yaweza kutoka, naye asishtuke. Kwa kuwa utando umeondoka, mbiu itanyamaza, askari watarudi katika doria yao ya kawaida, na damu itapungua hata ikome. Ikiwa majuma mawili yamepita na damu bado yatoka, au jino latikisika, au usaha waonekana, aende kwa daktari wa meno upesi, wala asingoje maumivu. Katika vita hivi maumivu mara nyingi huja mwisho, wakati ambapo jino haliwezi kuokolewa tena.